Barua Katika Faili la Pole na Pongezi

Kanuni hakuwa mtu mbaya. Nalitanguliza hilo kwa sababu nikifika mwisho mtadhani nilimchukia tangu siku ya kwanza, na si kweli. Nilianza kumchukia baadaye, na hata hapo tuliendelea kunywa chai ya chupa moja.

Jina hilo alipewa na madereva wa ofisi. Alikuwa karani mkuu wa masjala katika Mamlaka inayosimamia soko la hisa, na mimi nilikuwa msaidizi wake, meza ya pili, karibu na mlango. Kitengo chetu kilikuwa mwisho wa korido ya ghorofa ya tatu, jirani na choo cha wanaume. Kazi yetu ilikuwa barua za nje. Kila nchi ina mamlaka yake ya kulinda wenye hisa, na tapeli akiiba upande mmoja hukimbilia upande wa pili, kwa hiyo mamlaka hizi huandikiana: tusaidieni kumtafuta fulani, tuzuilieni akaunti ya fulani. Wao wanatuandikia, sisi tunawaandikia. Mwizi wa hisa huvusha pesa mpakani kabla sisi hatujapata bahasha.

Ili mambo yasiwe holela, mamlaka hizo zilitia saini hati ya makubaliano. Nyuma ya hati kuna jedwali lenye majina ya maafisa kiungo, mmoja kwa kila nchi. Ombi lisilo na saini ya afisa kiungo si ombi, ni karatasi tu. Kanuni alililinda jedwali lile kama mama wa kambo anavyolinda sufuria ya nyama.

Alikuwa na rula ya chuma, miwani ya kamba, na msemo mmoja: haraka haraka haina baraka. Aliwahi kumrudishia Mkurugenzi mwenyewe barua kwa sababu haikuwa na tarehe. Mkurugenzi alicheka, akaandika tarehe, akasema mbele ya watu kwamba angekuwa na makarani watano wa namna hii angelala usingizi. Tangu siku hiyo Kanuni alitembea kifua mbele. Sifa ni kitu kibaya, tena kwa mtu aliyezikosa utotoni.

Nyumbani hakuwa na mume wala mtoto. Alikuwa na mdogo wake, wa tumbo moja, mkunga. Mama yao alipofariki Kanuni alikuwa na miaka kumi na tisa, akaacha masomo, akaingia kazini, akamsomesha yule mdogo mpaka akavaa sare nyeupe. Mkunga alizalisha watu miaka thelathini na moja katika hospitali ya serikali. Mumewe alikufa mapema, akabaki kwenye chumba cha uani nyumbani kwa shemeji yake, mtu wa kuhesabu vijiko kila baada ya wageni kuondoka. Ndoto yake ilikuwa moja tu: vyumba viwili vyake mwenyewe, kwenye kiwanja alichokwisha kununua. Alikuwa na pupa ya nyumba ile hata akanunua mlango kabla ya tofali la kwanza. Mlango wa mbao ngumu, wenye kitasa cha shaba, akauegemeza ukutani nyuma ya kitanda chake.

"Wenzako wanaanza na msingi," Kanuni alimtania siku moja mbele yangu, "wewe umeanza na kugonga hodi."

"Acha dada. Nikiamka usiku naushika kitasa, nalala tena."

Alipostaafu kwa hiari, mapema kuliko dada yake, akapata kiinua mgongo. Hakikutosha nyumba, kilitosha nusu. Akaja nacho ofisini kwetu, kwa mtu pekee duniani aliyemwamini.

"Shikamoo dada. Hizi niziweke wapi zizae?"

Kanuni akamwambia anunue hisa, azikalie miaka miwili mitatu, atapata za kumalizia paa. Na anunue kwa dalali mwenye leseni. Akamtajia mmoja mwenye ofisi huku na nchi jirani, kijana mcheshi ambaye sisi tulimwita Tabasamu. "Leseni yake imepita hapa mezani kwangu," alisema, akaipigapiga meza. "Karatasi zake zimenyooka." Mkunga akaondoka anacheka. Nami nilimsindikiza hadi kwenye ngazi nikimwambia ana bahati ya kuwa na dada.

Mwaka ulipita. Afisa kiungo wa mamlaka ya jirani akafariki.

Barua ya habari hiyo ilifika asubuhi. Kanuni alikuwa ameandikiana na yule mzee miaka kumi na minne bila kumwona uso, na alipoisoma alivua miwani akafuta macho. Huwezi kuamini mtu yule alikuwa na machozi, lakini alikuwa nayo, kwa ajili ya mtu anayejua kuweka tarehe. Akaandika barua ya pole ya kurasa mbili. Ilikuwa nzuri, sina la kusema. Mkurugenzi aliisaini bila kubadili neno. Kisha Kanuni akanipa ile barua ya jirani niitoboe matundu na kuiweka kwenye faili la Pole na Pongezi, pamoja na kadi za harusi na salamu za sikukuu.

Barua ile ilikuwa na upande wa pili. Nyuma ya karatasi waliandika jina la afisa kiungo mpya, mwanamke, wakaambatisha sahihi yake, wakaomba jedwali lirekebishwe. Kanuni alisoma kifo, hakugeuza karatasi. Mimi niliitoboa, sikugeuza karatasi.

Miezi mitano baadaye likaja ombi la haraka kutoka huko huko. Lilisema Tabasamu anauza hisa za wateja wake bila wao kujua, katika nchi zote mbili, na pesa anaziingiza kwenye akaunti zilizo kwetu. Wanaomba akaunti hizo zizuiwe leo. Neno leo lilikuwa limepigiwa mstari.

Nililisoma mimi kwanza. Nikampa. Alisoma polepole na rula chini ya kila mstari. Ilipofika kwenye jina la dalali rula ikasimama. Kisha akafungua droo, akatoa jedwali, akateremsha kidole.

"Hayumo," akasema.

"Nani hayumo?"

"Aliyesaini. Jedwali lina jina la marehemu."

"Sasa marehemu atasaini vipi? Dada, peleka kwa Mkurugenzi hii. Huyu si ndiye dalali wa..."

"Usimalize." Akanitazama juu ya miwani. "Ulitaka nikimbie nayo kwa sababu mdogo wangu yumo? Kesho watasema Kanuni alivunja kanuni ndugu yake alipoguswa. Miaka thelathini na minane sijapindisha faili la mtu. Nianze leo, kwa tumbo la mama yangu?"

"Basi mwambie auze kimyakimya."

"Na hiyo ni jela. Siri ya faili ni siri ya faili."

Nataka mwelewe vizuri alichokifanya. Angekuwa ni mgeni tu aliyewekeza kwa Tabasamu, nina hakika angeinuka kwenye kile kiti, akaenda kumuuliza Mkurugenzi. Kwa kuwa alikuwa ni mdogo wake, alikaa. Aliogopa mdomo wa watu kuliko alivyoogopa kumwona mkunga anaendelea kuhesabiwa vijiko. Akaandika mistari mitatu: mtia saini hatambuliki, tafadhali wasilisheni upya. Akagonga muhuri.

Mnaweza kuniuliza mimi nilikuwa wapi. Nilikuwa na miguu miwili, na ofisi ya Mkurugenzi ilikuwa milango sita mbele. Lakini fomu yangu ya kupandishwa cheo ilikuwa kwenye trei ya Kanuni inasubiri sahihi yake. Niliitazama trei ile, nikabaki nimekaa.

Siku ya tatu simu ikalia. Kanuni aliiweka sauti ya juu, kama ilivyo desturi yetu kwa simu za nje, ili pawe na shahidi.

"Shikamoo mama," sauti ya mwanamke ikasema. "Ni mimi, upande wa pili wa mpaka. Mmeturudishia barua yetu?"

"Marahaba. Tumerudisha. Hutambuliki."

"Mama, tuliwaandikia mzee alipofariki. Tuliwapa na jina langu. Tena nyinyi mkajibu, pole nzuri hiyo, tukaibandika kwenye ubao wa matangazo, watu walilia."

Kanuni akajiweka sawa kitini. Nadhani sifa ile ilimfika.

"Pole ni pole, mwanangu. Jedwali ni jedwali."

"Lakini huyu mtu anauza sasa hivi ninavyoongea nawe! Wajane wapo humo, wastaafu wapo. Naomba mama, zuieni tu, karatasi tutaileta kesho."

"Simu si maandishi," akasema Kanuni, akakata.

Faili la Pole na Pongezi lilikuwa kwenye rafu, hatua tatu kutoka kitini kwake. Hakulitazama. Alipotoka kwenda kula nililishusha mimi. Nikaipata barua, nikaigeuza, nikasoma jina la yule mama wa simu, limepigwa chapa vizuri, na sahihi yake chini. Nikaiweka juu ya jedwali lake, upande wa pili ukiangalia juu, nikaenda kusimama dirishani.

Alirudi, akaisoma amesimama. Nilisubiri apige kelele, alie, akimbie. Ilikuwa bado mapema. Siku tatu zilikuwa zimepita, na baadaye tulikuja kujua kwamba siku ile hisa za mkunga zilikuwa bado hazijaguswa.

Akakaa. Akatoa kalamu.

"Jedwali haliwezi kurekebishwa na karani," akasema. "Marekebisho hupelekwa kikaoni. Kikao ni Jumanne."

"Dada, leo ni Alhamisi!"

"Haraka haraka haina baraka."

Nilimwambia twende kwa Mkurugenzi sote wawili, tuseme tulikosea. Neno hilo tulikosea lilimgeuza uso. Akaniuliza, kwa sauti ya chini kabisa, kama ile fomu yangu bado naitaka. Nikasema naitaka. Ndivyo ilivyokuwa. Sitaipaka rangi.

Jumanne wajumbe hawakutimia, wawili walikuwa safarini kwenye warsha ya ushirikiano wa mamlaka. Sicheki, ndivyo kumbukumbu zinavyosema. Jumanne iliyofuata walitimia, wakapitisha marekebisho kwa dakika nne, na saa saba mchana amri ya kuzuia akaunti ikapelekwa. Tangu ombi lifike zilikuwa siku kumi na tano. Dereva aliyepeleka alikuta ofisi ya Tabasamu iko wazi, feni inazunguka, na mama mfanya usafi amekaa kwenye kiti cha mgeni akiuliza nani atamlipa mwezi wake. Akaunti zilikuwa tupu. Tabasamu alikuwa nchi ya tatu, ambayo hatuna hati nayo.

Magazeti yalipoandika, mkunga alikuja. Alikuwa amebeba karatasi zake zote kwenye mfuko wa nailoni, amevaa kitenge cha kutokea. Watu walikuwa wamejaa kaunta ya chini, wengine wanapiga kelele, na yeye akawapita akimwambia mlinzi, "Mimi nina mtu wangu ndani, dada yangu." Hakuwa hata na wasiwasi. Hilo ndilo lililoniumiza.

"Dada, si nyinyi ndio mnaokamata hawa? Mmemkamata?"

"Andika malalamiko," Kanuni akamwambia. "Kila mtu anaandika."

Mkunga akaandika pale pale, juu ya meza yangu, kwa mwandiko wa kadi za kliniki. Akampa dada yake kwa mikono miwili. Kanuni akaipitia na rula, akamrudishia.

"Huna tarehe."

Mkunga akacheka. "Huyu! Hata mimi?" Akaweka tarehe.

Jibu la Mamlaka lilitungwa na Kanuni, nikalichapa mimi, akasaini Mkurugenzi. Lilisema Mamlaka inashirikiana kwa karibu na wenzake wa nchi jirani, haiwezi kuthibitisha wala kukanusha hatua zilizochukuliwa, na inamwomba mlalamikaji awe na subira. Lilitumwa kwa posta, kwa sababu kanuni inasema majibu hutumwa kwa posta, ingawa mlalamikaji siku hiyo alikuwa ameketi kwenye benchi la korido anamsubiri dada yake watoke wote. Wiki moja baadaye akalirudisha, bahasha imefunguliwa vizuri kwa kisu.

"Dada nisomee. Maneno yenu ya ofisini hayanipandi."

Kanuni akamsomea. Alisoma kwa sauti, mwanzo hadi mwisho, maneno yake mwenyewe, na hakukwama mahali.

"Kwa hiyo wanasemaje?"

"Wanasema usubiri."

"Aliyeandika ana heshima," akasema mkunga, akaikunja barua akaitia kifuani. "Ametumia ndugu mlalamikaji. Nitasubiri."

Hakusubiri sana. Shemeji yake aliposikia kwamba nyumba haijengwi tena, alikitaka chumba chake. Kiwanja kiliuzwa kulipia dawa za shinikizo la damu. Kanuni akamchukua mdogo wake akamweka kwenye stoo yake ya uani, akatoa mifuko ya saruji na baiskeli mbovu, akapaka chokaa. Watu wa mtaani walimsifu: damu nzito kuliko maji, walisema, huyo ndiye dada.

Uchunguzi ulifanyika, wa kikaratasi. Mamlaka mbili zilikutana, zikapiga picha, zikaandika kwamba palitokea changamoto za mawasiliano. Kanuni hakuulizwa lolote kuhusu faili la pole, na asiyeulizwa hajibu. Lakini yule mama wa upande wa pili hakukubali kubebeshwa lawama. Alitoa taarifa kwenye gazeti la kwao, nalo la kwetu likainukuu: barua yetu ilifika, ikakaliwa siku kumi na tano na mtu mmoja. Hakutaja jina, maana siri inamfunga yeye pia.

Mkunga alikikata kipande kile cha gazeti.

Miaka miwili baadaye Kanuni alistaafu. Tulimfanyia hafla ukumbini, keki na soda. Alipewa saa ya ukutani na cheti kilichoandikwa kwamba katika utumishi wake wote hajawahi kutoa siri ya Mamlaka. Mkurugenzi akaomba familia iseme neno. Familia ilikuwa ni mkunga peke yake, na kitenge kile kile.

"Huyu ni dada na ni mama," alisema. "Na niwaambie ukweli, hajawahi kuniletea nyumbani hata neno moja la kazini. Hata mimi nilipoumia, hakuniambia kitu. Nikasema kweli huyu ni mwaminifu."

Watu wakapiga makofi. Kanuni alikuwa anaangalia keki.

Mimi ndiye niliyebeba saa hadi kwao, kwa kuwa nilikuwa nimeshapewa cheo, na kiti chake, na funguo za masjala. Tuliingia uani. Mlango ule wa mbao ngumu, wenye kitasa cha shaba, ulikuwa umefungwa kwenye stoo. Ulikuwa mkubwa kupita uwazi, fundi akaukata chini na pembeni, na sasa kitasa kilikuwa karibu mno na ukuta, ukifungua unakwaruza vidole.

"Dada ndiye aliyeninunulia bawaba," mkunga akaniambia, anaupangusa kwa khanga. "Umeona? Hatimaye nimeufunga."

Alikwenda jikoni kupakua. Kanuni aliketi na cheti mapajani. Nikamwambia kwa mnong'ono kwamba sasa kazi imekwisha, hakuna wa kumshitaki, amwambie.

"Nikimwambia atatoka humu," akasema. "Atakwenda wapi?"

Nilimchukia zaidi, kwa sababu safari hii alikuwa na haki.

Chakula kikawekwa mezani. Mkunga akanawa, akakaa, akainamisha kichwa, akaomba dua kama aombavyo, kumbe, kila jioni ya Mungu. Alishukuru kwa chakula. Alishukuru kwa dada yake, akamwombea afya na maisha marefu. Kisha sauti ikabadilika, ikawa ngumu, sauti ya kumwamuru mzazi asukume.

"Na yule aliyeikalia ile barua siku kumi na tano, wewe Mungu unamjua, mimi simjui. Asipate mlango wake wa kufunga. Azeeke chini ya macho ya mtu aliyemdhulumu, na asiweze kusema."

Akasubiri. Nikainua macho nikamtazama Kanuni. Midomo yake ilikuwa imekauka, na vidole vimeshika ukingo wa meza.

"Amina," akasema, wazi kabisa, kwa sauti ile ile aliyosomea barua.

Mkunga akanigeukia mimi, mgeni, anangoja.

Nami nikasema amina. Mikono yangu ndiyo iliyoitoboa ile barua ya kwanza matundu.

"Haya, karibuni," mkunga akasema, akampakulia dada yake kwanza.